Uwanja ni wa Nani? Soka la Wanawake kutoka Marufuku ya 1921 hadi Vumbi la Turkana

Ukosefu wa usawa katika soka la wanawake huanza uwanjani, kabla hata mishahara haijatajwa. Nani anaruhusiwa kukanyaga uwanja upi, saa ngapi, akiwa amevaa nini: hayo ndiyo maswali ya kwanza. Mara nyingi wanawake hawakukatazwa kuupiga mpira. Walinyimwa mahali pa kuuchezea, na matokeo yakawa yale yale.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Uingereza. Tarehe 26 Desemba 1920, timu ya Dick, Kerr Ladies, ya wafanyakazi wa kiwandani mjini Preston, ilicheza na St Helens katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Desemba, chama cha soka cha England kilitangaza kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikavitaka vilabu wanachama visiwape viwanja. Marufuku hiyo ilidumu karibu nusu karne. Katika miaka hiyo vilabu vya wanaume vilijenga majukwaa, vikapata wadhamini na kurithishana mashabiki, huku wanawake wakicheza kwenye bustani za umma. Anayesema leo kwamba soka la wanawake halina soko anapaswa kuukumbuka mwaka 1921.

Nyasi zenyewe zilizua mgogoro mwaka 2014. Kombe la Dunia la Wanawake la 2015 nchini Kanada lilipangwa kuchezwa lote juu ya nyasi bandia, jambo ambalo wanaume hawajawahi kutakiwa kulikubali katika Kombe lao la Dunia. Kundi la wachezaji, wakiwemo Abby Wambach wa Marekani na Marta wa Brazil, lilifungua kesi Ontario Oktoba 2014, kisha likaiondoa Januari 2015. Mashindano yalichezwa kama yalivyopangwa. Nyasi bandia huchubua ngozi na hushika joto kali. Siku ya ufunguzi mjini Edmonton, joto la uso wa uwanja liliripotiwa kufikia nyuzi 49 za Selsiasi.

Nchini Kenya, safari ilianzia mitaani zaidi kuliko katika ofisi za shirikisho. Chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare, Nairobi, MYSA, kilichoundwa mwaka 1987, kiliingiza timu za wasichana mwaka 1992. Humo alikulia Doreen Nabwire, ambaye baadaye alicheza soka la kulipwa Ujerumani na Uholanzi. Mwaka 2001 shirika la Moving the Goalposts lilianza kazi Kilifi, likichanganya soka na elimu ya afya ya uzazi, kwa sababu msichana asiye na sodo hukosa mazoezi kama anavyokosa darasa.

Timu ya taifa, Harambee Starlets, ilifuzu kwa Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, ikafungwa na Mali, Ghana na Nigeria katika mechi zote 3. Mwaka 2019 ilitwaa taji la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, kwa kuilaza Tanzania 2-0 Chamazi, mabao yote ya Jentrix Shikangwa. Lakini Februari 2022, shirikisho likiwa limevunjwa na serikali kutokana na tuhuma za matumizi mabaya ya fedha, Kenya ilijiondoa kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Afrika dhidi ya Uganda. Wachezaji hawakuwa na kosa lolote katika sakata hilo, ila wao ndio waliopoteza nafasi. Miaka 2 baadaye timu ya wasichana walio chini ya miaka 17 ilikwenda Jamhuri ya Dominika, ikawa timu ya kwanza ya Kenya ya soka kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA, na ikaifunga Mexico 2-1. Katika bara zima, hata hivyo, bingwa wa Kombe la Afrika la Wanawake la 2024 alizawadiwa dola milioni 1, ilhali bingwa wa Kombe la wanaume la 2023 alipata milioni 7.

Kaskazini mwa nchi, vita vya kupata uwanja vina sura nyingine. Marsabit, ng'ambo ya Ziwa Turkana, wakili Fatuma Abdulkadir Adan na shirika lake la HODI walianza kwa kuwakutanisha vijana wa kiume wa jamii zilizokuwa zikiuana, baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Wasichana walipoingizwa baadaye, upinzani ulihusu mavazi na kuonekana hadharani. Suala hilo hilo lilikuwa limefika FIFA: Juni 2011 timu ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki mjini Amman kwa sababu ya vitambaa vya kichwani, na ni Machi 2014 tu sheria ilipobadilishwa rasmi. Kwa msichana Mwislamu wa Kisomali katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, uamuzi huo una maana kubwa kuliko bao lolote.

Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ndiko alikozaliwa Awer Mabil, aliyeichezea Australia katika Kombe la Dunia la 2022. Alijifunza soka kwenye vumbi la huko, miguu mitupu. Dada zake wa kambini wanalo vumbi lile lile, lakini hawana saa zile zile. Kakuma na katika mji wa Lodwar, jua hupoa jioni, na jioni ndiyo saa ya kuteka maji, kuwasha moto na kulea wadogo. Miiba ya mathenge, mti ulioletwa Turkana kuzuia jangwa, humchoma kila asiye na njumu, na anayenunuliwa njumu kwanza kwa kawaida ni mvulana.

Kapedo, mji wa chemchemi za maji moto mpakani mwa Turkana na Baringo, una mzigo wa ziada. Mwaka 2014 polisi wapatao 20 waliuawa huko, na ghasia za Januari 2021 zilifunga shule. Shule ikifungwa, mvulana bado anaweza kupiga mpira popote penye nafasi. Msichana hupoteza kwa pamoja uwanja, mwalimu, mpira na ruhusa ya kutoka nyumbani.

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la viwanja vya michezo, na kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kijinsia. Kwa hiyo Kaunti ya Turkana haihitaji kusubiri mdhamini. Inaweza kuanza kwa kutenga siku na saa za wasichana katika kila uwanja wa umma, kung'oa mathenge, na kuwafikishia maji karibu ili jioni iwe yao pia.