Mchukuzi wa Barua

Nilipokuwa darasa la sita nilikusanya stempu. Nilizipata kwenye sanduku la bati la bibi yangu, Tabora, juu ya bahasha za barua ambazo babu alimpelekea kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950. Nilichukua mkasi nikakata pembe za bahasha, moja baada ya nyingine. Vipande nikaviloweka kwenye bakuli la maji ili gundi iachie, stempu nikazianika juu ya gazeti. Bahasha zilizobaki na tundu niliwashia jiko. Bibi aliniona. Hakusema kitu.

Babu hakurudi kutoka Tanga. Kwetu hilo ni jambo la zamani linalozungumzwa kwa sauti ya chini kwenye misiba: wapo wanaosema alitutupa, wapo wanaosema alifia huko na hakuna aliyeleta habari.

Bibi alipofariki, sanduku lilikuja kwangu. Nilikuwa nimeanza kukusanya barua za zamani, nikajiona mjuzi. Zilikuwemo barua kumi na tisa. Nyingi zina siku na mwezi, lakini mwaka hazina. Katika moja babu anasema amalize kandarasi aje nyumbani, bibi amsubiri. Katika nyingine anasema asimsubiri tena. Ipi ilitangulia? Jibu lilikuwa kwenye mhuri wa posta, nao ulikuwa umegongwa nusu juu ya stempu, nusu juu ya bahasha. Nusu moja niliichoma. Nyingine nilikwisha ibadilisha shuleni kwa picha za wachezaji mpira.

Ndipo nilipoanza kusoma namna barua zilivyosafiri huku kwetu kabla ya posta.

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea kama miezi mitatu kufika Unyanyembe, nchi ambayo Tabora ilikua ndani yake. Hapo wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Buganda. Barua zilikwenda na wapagazi na matarishi, pamoja na shanga na vitambaa, zikarudi na pembe.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akakuta mfuko wa barua za David Livingstone ambaye alikuwa mbele huko. Juu ya mfuko iliandikwa tarehe: 1 Novemba 1870. Ulikuwa umekawia Bagamoyo, ukakwama tena Unyanyembe, na baadaye vita ya Mirambo na Waarabu wa Tabora ikafunga njia ya Ujiji. Stanley aliuchukua mwenyewe kwa njia ya mzunguko, akamkabidhi Livingstone mwishoni mwa 1871. Barua za ndani zilibeba habari za watoto na marafiki. Habari za njia, kukawia na vita, zilikuwa nje, katika mstari mmoja ulioandikwa juu ya mfuko. Ningekuwa mimi, ningeuwashia jiko.

Barua ya pili ninayoifikiria zaidi ilifika Kwihara tarehe 20 Oktoba 1873. Livingstone alikuwa amefia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei. Watu wake waliukausha mwili wakaanza kuubeba kuelekea pwani. Walisikia kwamba kuna Wazungu Unyanyembe, wakadhani Oswell, mtoto wa marehemu, yumo. Jacob Wainwright, kijana aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, akaandika barua kwa Kiingereza kumwambia kwamba baba yake amefariki na kwamba wao wana njaa. Chuma akatangulia nayo.

Lakini Oswell hakuwepo. Aliyekuwepo ni Verney Lovett Cameron, mgonjwa wa homa, macho yamemvimba hata kusoma ni shida. Aliisoma asielewe. Akampelekea mwenzake Dillon, naye mgonjwa, wakaisoma pamoja, wakabaki wanajiuliza kama ni baba wa mmoja wao aliyekufa. Cameron mwenyewe ameeleza kwamba walielewa sawasawa pale tu Chuma, aliyeileta, alipoitwa mbele yao akasema.

Mwandiko ulikuwa mzuri na maneno yalikuwa kweli, lakini bila mchukuzi barua haikusomeka. Wainwright alifika na mwili hadi London, akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Miaka mingi baadaye alirudi huku kwetu, akafariki Urambo mwaka 1892.

Nilimpelekea shangazi barua za babu nikimwambia, kwa majivuno kidogo, jinsi nilivyoupenda mwandiko wa baba yake. Alivaa miwani, akacheka.

"Mwanangu, huu si mkono wa baba. Baba hakujua kuandika."

"Nani sasa?"

"Wenzake huko mkongeni. Na mama naye hakujua kusoma. Alisomewa na katekista."

Niliziangalia upya. Kweli, miandiko ni miwili: mmoja umelala kulia, mwingine ni wa duara na unaweka nukta kubwa. Miaka yote nilidhani babu alibadilika. Kumbe aliyebadilika ni mwandishi.

Kwa hiyo, ukitaka kuanza kukusanya barua na makaratasi ya zamani, tafuta watu watatu katika kila karatasi: mwenye maneno, aliyeandika, na aliyeileta. Wa kwanza ameweka jina lake chini. Wengine wawili wamejificha katika vitu tunavyovitupa haraka: bahasha, mhuri, mikunjo, doa la mafuta, hesabu iliyopigwa pembeni.

Anzia nyumbani. Ondoa pini na vibanio vyenye kutu, usitie selotepu, usitie plastiki, na stempu iache ilipo. Andika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, nani alikupa, wapi, lini, na alisema nini alipokupa. Piga picha pande zote mbili. Weka kwenye boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, kwa maana mchwa wa Tabora hawajui historia. Usidharau vitu vidogo: risiti za kodi, tiketi za reli, kadi za TANU, karatasi iliyofungia karanga. Wajerumani, walipozingirwa katika Vita ya Kwanza, walitoa noti za dharura zilizobeba jina la Tabora. Zilikuwa karatasi za shida, leo watu wanazitafuta duniani kote.

Ukikuta karatasi yenye hati za Kiarabu, usiharakishe kusema ni dua. Waswahili waliandikiana Kiswahili kwa hati hizo muda mrefu. Büttner, Mjerumani, alichapisha kitabu kizima cha maandishi ya aina hiyo, barua zikiwemo, mwaka 1892. Tafuta mzee anayezisoma, umpelekee mapema. Na ukikuta karatasi yenye namba ya jalada la serikali, hiyo si yako wala ya muuzaji. Mahali pake ni Nyaraka za Taifa.

Tena uliza ruhusa. Niliwahi kupewa fungu la barua na kijana aliyekuwa akisafisha nyumba ya marehemu. Ndani yake mwanamke alikuwa akimuomba mdogo wake msamaha. Mdogo yule bado yuko hai, mtaa wa pili. Nilimrudishia. Mkusanyo wangu ulipungua, na sijajuta.

Kwa kulinganisha miandiko, aina ya karatasi na mikunjo, nimeweza kupanga barua kumi na mbili za babu kwa mfuatano ninaouamini. Zile mbili, ya "nisubiri" na ya "usinisubiri", zina mwandiko mmoja, karatasi moja, mikunjo sawa. Hazipangiki.

Shangazi aliniuliza nimefikia wapi. Nilimweleza habari za bahasha, kwa mara ya kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama alikuona ukizichoma?"

"Aliniona."

"Basi alijua kilichomo."

Huenda. Huenda pia hakutaka kumgombeza mjukuu. Barua hizo mbili nimeziweka kwenye jalada moja, na juu yake nimeandika kwa penseli: Haijulikani ipi ilitangulia. Bahasha zilichomwa na mjukuu, Tabora.