Soko Lilianguka au Lilihama? Mauzo ya Mashine za Michezo ya Video nchini Japani tangu 1983

Anayetaka kulinganisha mauzo ya mashine za michezo ya video kizazi kwa kizazi lazima kwanza aamue ahesabu mashine zipi. Insha hii inaonyesha uzito wa uamuzi huo kwa kutumia mfano wa kampuni ya Nintendo katika soko la nyumbani kwake, Japani. Hoja yetu ni kwamba anguko linaloonekana katika takwimu lilikuwa, kwa sehemu kubwa, kuhama kwa mchezo kutoka kwenye televisheni ya sebuleni hadi mkononi mwa mchezaji.

Tuanze na mashine za kuunganishwa na televisheni. Famicom, iliyotoka Julai 1983 kwa bei ya yeni 14,800, iliuzwa nchini humo kiasi cha mashine milioni 19.3. Super Famicom ya 1990 ilifikia milioni 17.2. Nintendo 64 ya 1996 iliishia milioni 5.5, na GameCube ya 2001 milioni 4. Wii ya 2006 ilipanda hadi milioni 12.7, kisha Wii U ya 2012 ikashuka hadi milioni 3.3. Idadi ya watu haielezi mabadiliko hayo, kwani wakati wote huo Wajapani walikuwa kati ya milioni 119 na 128.

Sababu ya kwanza ni ushindani. Desemba 1994 Sony ilileta PlayStation, iliyotumia CD. CD ilikuwa na gharama ndogo kuitengeneza na ilibeba data nyingi zaidi, ilhali Nintendo 64 ilibaki na kaseti. Kampuni ya Square, iliyotoa michezo sita ya mwanzo ya Final Fantasy kwenye mashine za Nintendo, ilitoa wa saba kwenye PlayStation Januari 1997. Wateja wengi waliifuata michezo ilikokwenda. PlayStation 2 ya mwaka 2000, iliyoonyesha pia filamu za DVD, ilipita milioni 20 nchini Japani.

Hata hivyo, ushindani pekee hautoshi, kwa sababu Sony nayo ilishuka. PlayStation 3 ya 2006, ambayo toleo lake la bei nafuu lilianza kwa yeni 49,980, iliuzwa takribani nusu ya mtangulizi wake.

Sasa tuangalie mashine za mkononi. Game Boy ya 1989, pamoja na toleo lake la rangi, iliuzwa milioni 32.5 nchini Japani. Game Boy Advance ya 2001 ilifikia milioni 17, na DS ya 2004 milioni 33. Michezo ndiyo iliyovuta watu: Pokémon ya 1996 iliwataka wachezaji waunganishe mashine zao kwa waya ili wabadilishane viumbe, na michezo ya mazoezi ya ubongo ya 2005 iliwaingiza watu wazima kwenye DS.

Hapa pana tahadhari. Mashine ya televisheni hutumiwa na nyumba nzima, lakini ya mkononi huwa ya mtu mmoja, na wapo walionunua DS zaidi ya moja matoleo mapya yalipotoka. Kwa hiyo milioni 33 za DS hazithibitishi kwamba michezo iliingia katika nyumba nyingi kuliko zama za Famicom. Aidha, takwimu za Nintendo huhesabu mashine zilizopelekwa kwa wauzaji.

Mwaka 2017 ilikuja Switch, inayochezwa kwenye televisheni na mkononi pia. Imepita milioni 30 nchini Japani. Ukiiweka kwenye safu ya televisheni, soko limefufuka ghafla baada ya Wii U. Ukiiweka kwenye safu ya mkononi, ni mwendelezo wa Game Boy na DS. Takwimu ni ileile, lakini historia mbili tofauti zinaandikika kutokana nayo. Kwa sababu hiyo, mtafiti anapaswa kutaja msingi wa safu zake kabla ya kutangaza kwamba soko limekufa.