Umeme wa Tanuri na Umeme wa Nyumba

Sisi tukaao Lubumbashi twaijua saa ile. Jua limekwisha tua, mama anasonga bukari, watoto wameinamia madaftari yao, mara taa za mtaa mzima huzimika. Mmoja hupaza sauti, "Delestaji!" Wengine hucheka, wengine huguna. Kwa wenye mali mitambo ya mafuta huanza kunguruma. Kwa maskini huwashwa mshumaa. Lakini siku hizi ziko nyumba ambazo taa yake huendelea kuwaka kimya. Juu ya bati mna paneli za jua, na ndani mna betri. Majirani huja kuchaji simu zao hapo.

Mtu aweza kuuliza: Imekuwaje mji huu, ambao shaba yake imekuwa nyaya za umeme duniani kote, ukose taa? Jibu limo katika historia, basi tuitazame.

Umeme wa Katanga haukuletwa kwanza kwa ajili ya nyumba. Uliletwa kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndilo jina la mji wetu hadi 1966, na mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa katika tanuri kando ya mto Lubumbashi. Makaa ya kuyeyushia yalitoka mbali, huko Wankie katika Rhodesia. Baadaye wataalamu walitaka kuisafisha shaba kwa umeme, na kazi hiyo yataka nguvu nyingi mno. Ndipo mto Lufira ulipozibwa huko Mwadingusha, na mwaka 1930 mitambo yake ikaanza kuzunguka. Maji yaliyozuiwa yakawa ziwa Tshangalele, ambalo wavuvi wanalitegemea hata leo.

Kisha ikafuata Koni mwaka 1950 katika mto huo huo, halafu Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, zote mbili katika mto Lualaba. Mwaka ule ule wa 1956 umeme wa Katanga ulivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Umeme ulisafiri hadi nchi ya jirani, na huku nyumba nyingi za Waafrika zilikuwa bado zikimulikwa kwa taa za mafuta.

Baada ya uhuru desturi hiyo haikugeuka sana. Shirika la taifa la umeme, SNEL, liliundwa mwaka 1970. Mwaka 1982 ikamalizika njia kubwa ya nyaya kutoka Inga, karibu na bahari, hadi Kolwezi, mwendo wa kilometa 1,700 hivi. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuvipa hata taa moja. Tena, tangu sheria ya madini ya mwaka 2002, migodi imeongezeka, watu wa mji wameongezeka, na mitambo imezeeka. Mwadingusha ilibidi itengenezwe upya, ikarudi kazini mwaka 2021. Na kila mwisho wa kiangazi, mito ipunguapo, nguvu nazo hupungua.

Basi hapo ndipo jua lilipoingia. Wataalamu wa Bell huko Marekani walionyesha watu paneli yao ya silikoni mwaka 1954. Betri ya risasi ni ya zamani zaidi: Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859. Tena tutazame jambo hili: kiangazi, wakati mito inapokuwa midogo, ndipo mbingu zetu huwa safi na jua huwa kali. Palipo na upungufu wa maji, pana wingi wa jua.

Lakini mwenye paneli sharti ajue hesabu. "Akiba haiozi," wasema wazee; akiba ya betri huoza. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huweka wati-saa 1,200, lakini ikinyonywa kupita nusu kila siku, hufa upesi. Basi tuhesabu 600. Taa nne za wati 10 kwa saa tano hula 200; televisheni ya wati 60 kwa saa nne hula 240. Hapo usiku umepita salama. Lakini pasi ya wati 1,000 humaliza akiba yote kwa muda wa nusu saa na kidogo. Tena, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, paneli ielekee kaskazini, na vumbi la kiangazi lipanguswe.

Haya yote ni mema, nasi twafurahi kuona mtoto akisoma jioni. Ila tuangalie tusidanganyike. Paneli moja haiwezi kuendesha kinu cha kusagia mahindi ya mtaa mzima, wala chumba cha upasuaji, wala pampu ya maji ya mji. Mambo hayo yahitaji waya wa wote. Tajiri akiisha kupata taa yake juu ya bati, huenda akanyamaza, na akinyamaza yeye, ni nani atakayesikilizwa akidai? Jirani wa mshumaa atabaki peke yake.

Kwa muda wa karibu miaka mia umeme wa nchi yetu umejua njia ya kwenda kwenye tanuri. Njia ya kwenda nyumbani bado ni nyembamba. Tushukuru kwa jua, tuwagawie majirani moto wa simu zao, wala tusiache kuudai ule waya.