Mgeni mwenye kibali cha ukaazi analipa kodi wapi?

Maswali mengi tunayopokea kutoka Makurunge na vijiji jirani yanahusu ardhi, hasa tangu ilipoanza kuzungumzwa barabara ya lami ya kutoka hapa kwenda Saadani, Pangani hadi Tanga. Moja hujirudia: mgeni mwenye fedha akija kujenga pwani na akapewa kibali cha kuishi, je, kodi yake ataanza kuilipa huku? Wengine huuliza kinyume chake: mtoto wetu aliyeko Muscat au Dubai, bado anadaiwa kodi nyumbani? Maswali yote mawili yanajibiwa na sheria moja.

Ukaazi wa aina mbili

Neno "ukaazi" hutumika katika ofisi mbili, kila moja kwa maana yake. Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi, yaani ruhusa ya mgeni kuishi nchini. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri, daraja B la walioajiriwa, na daraja C la wengine, kama wanafunzi na wastaafu.

Mamlaka ya Mapato (TRA) haigawi ukaazi kwa kibali. Yenyewe huangalia mtu ana makazi wapi na amekaa nchini siku ngapi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mtu ni mkaazi kwa mwaka husika akiangukia katika mojawapo ya hali hizi:

Kwanza, ana makazi ya kudumu Tanzania na amekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, hata kama ni siku chache.

Pili, hana makazi ya kudumu, lakini siku zake nchini zikijumlishwa zinafika 183 au zaidi.

Tatu, amekuwepo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kila mwaka. Tuseme mtu alikaa siku 130 mwaka 2023, siku 125 mwaka 2024 na siku 120 mwaka 2025. Jumla ni siku 375, wastani 125. Hakufikisha 183 mwaka wowote, lakini kwa mwaka 2025 ni mkaazi.

Nne, ni mtumishi wa serikali aliyepelekwa kufanya kazi nje ya nchi.

Tofauti yake ni kubwa. Kwa kawaida mkaazi hutozwa kodi kwa kipato chake cha popote duniani. Asiye mkaazi hutozwa kwa kile tu kilichotoka Tanzania, ila viwango vyake vinaweza kuwa vya juu zaidi. Mfano ni nyumba iliyopangishwa kwa kampuni: mpangaji hukata kodi ya zuio asilimia 10 ya pango kama mwenye nyumba ni mkaazi, na asilimia 15 kama si mkaazi.

Kwa nini matajiri wanahesabu siku

Ukielewa hesabu hiyo, utaelewa kwa nini mtu mwenye mali nyingi huwa na nyumba katika nchi tatu na daftari la safari zake. Anapanga asikae mahali pa kodi kubwa siku za kutosha kumfanya mkaazi. Kupanga hivyo kwa uwazi ni halali. Kuficha kipato au kudanganya siku ni kukwepa kodi, na hilo ni kosa.

Nchi nazo hushindana kuwavuta watu hawa. Dubai haitozi kodi kwenye mshahara wa mtu binafsi, na tangu 2019 Falme za Kiarabu hutoa ukaazi wa muda mrefu kwa wawekezaji. Jirani zetu Zanzibar, mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika mradi ulioidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji, ZIPA, anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Hicho ni kibali cha kuishi tu. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hesabu ya siku ni ileile Fumba na Bagamoyo.

Milango hii pia hufungwa. Uingereza ilikuwa na utaratibu wa zaidi ya miaka 200 uliowapa nafuu matajiri wenye asili ya nje, na uliondolewa Aprili 2025. Oman nayo imetunga sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi itakayoanza 2028: asilimia 5 kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka. Vijana wetu wengi walioko kule hawafikii kiwango hicho.

Mtoto wako aliyeko nje

Kijana aliyeko Muscat mwaka mzima, asiye na makazi ya kudumu hapa, si mkaazi wa kodi Tanzania, ingawa pasipoti yake ni ya Tanzania. Uraia peke yake haumfanyi mtu alipe kodi ya mapato huku. Marekani ni tofauti: raia wake hudaiwa hesabu za kodi popote alipo.

Aangalie zaidi yule mwenye nyumba yake mwenyewe Bagamoyo anayokuja kukaa kila likizo. Huyo anaweza kuhesabiwa mkaazi kwa hali ya kwanza. Akiwa amelipa kodi ya kipato hicho nje, sheria inampa nafasi ya kuomba ihesabiwe huku. Pesa ya matumizi anayomtumia mama yake si mshahara wa mama wala faida ya biashara yake.

Usiazime jina lako

Jambo hili ndilo linaloweza kumfikia msikilizaji wetu moja kwa moja. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kibali cha ukaazi hakibadilishi hilo. Ndiyo maana wengine hutafuta mwenyeji wa kuandikwa kwenye hati, huku fedha na matumizi vikiwa vya mgeni.

Mwenyeji akikubali, serikali inamwona yeye. Pango la ardhi la kila mwaka litadaiwa kwa jina lake. Kiwanja kikiuzwa, kodi ya faida ya mauzo, ambayo kwa mkaazi ni asilimia 10, itaulizwa kwake, hata kama fedha zote zimeingia benki ya nje. Karatasi ya siri waliyoandikiana haiwezi kumtetea, kwa sababu imeandikwa ili kukwepa sheria.

Kabla ya kusaini chochote, uliza mambo matatu. Nani ataandikwa kwenye hati? Namba ya mlipakodi (TIN) itakayotumika ni ya nani? Fedha za kiwanja zinapita akaunti ya nani? Ukiona majibu yote matatu ni wewe, na kiwanja si chako, rudisha kalamu, kisha nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya TRA iliyo karibu ukaulize kwanza.