Chumba Kimoja cha Sainte-Barbe

Katika Chuo Kikuu cha Paris cha zamani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa na jina la kumtania. Aliitwa béjaune, maana yake mdomo wa manjano, kwa mfano wa kinda la ndege lisilojua bado kuruka. Waliomtangulia walimdai karamu ya kuingilia, na asiyekuwa na fedha alisumbuliwa. Tangu karne ya 14 wakuu wa chuo walikataza malipo hayo, lakini desturi ya namna hiyo haifi kwa amri. Vijana wetu waliokwisha kuingia chuo kikuu hapa Kongo na kuitwa "bleus" hawahitaji kuelezwa zaidi.

Palikuwapo hata hivyo, katika mji huohuo, namna nyingine ya kumpokea mgeni, nayo inajulikana vema kwa sababu wenyewe waliiandika.

Ignace wa Loyola aliingia Paris mwezi wa Februari 1528, peke yake, kwa miguu. Alikuwa amekaribia umri wa miaka 37, askari wa zamani aliyechechemea kwa jeraha la vita. Latini yake ilikuwa na mapungufu, kwa hiyo alikaa darasani katika koleji ya Montaigu pamoja na watoto. Fedha alizopewa kwa ajili ya masomo alimkabidhi Mhispania mwenzake amtunzie, na mwenzake akazitumia zote kwa muda mfupi. Akakosa pa kulala. Akapokelewa katika nyumba ya mahujaji ya Saint-Jacques, lakini nyumba hiyo ilikuwa mbali na koleji: asubuhi mtu hakuruhusiwa kutoka kabla ya mapambazuko, na jioni ilimpasa kurudi kabla ya kengele. Masomo yaliyoanza mapema yakampita. Akatafuta bwana wa kumtumikia ili apate chakula, asimpate. Kila anayetoka Uvira au Kasongo kwenda kusoma Lubumbashi bila jamaa huko anaifahamu hesabu hii ya njia, chakula na saa.

Yule aliyekula fedha zake aliugua baadaye mjini Rouen, akiwa njiani kurudi kwao. Ignace alipopata habari alikwenda kwa miguu siku 3, pekupeku, akamfariji, akamtafutia chombo cha kumfikisha Hispania. Wanaomsimulia mtakatifu huyu hutaja mara nyingi maono yake kuliko safari hii. Mimi naona safari hii inatufundisha zaidi habari za wanafunzi.

Mwaka 1529, mwezi wa Oktoba, alihamia koleji ya Sainte-Barbe kuanza falsafa. Akawekwa katika chumba cha mwalimu Juan de la Peña, pamoja na vijana 2 wenye umri wa miaka 23 waliokuwa wamekaa humo tangu 1525. Mmoja alikuwa Pierre Favre, mwana wa wakulima wa Savoie, aliyechunga kondoo utotoni na kulia machozi mpaka wazazi wakampeleka shule. Wa pili alikuwa François Xavier, wa ukoo wa kiungwana wa Navarre.

Mwalimu Peña alikuwa na kazi nyingi. Akamwomba Favre amrudilie mgeni masomo ya kila siku. Ndivyo ilivyoanza: kijana akimfafanulia Aristoteles mtu aliyemzidi miaka 15. Aristoteles si mwepesi hata kwa wenye bidii, na Ignace alikuwa na tabu ya pekee, kwani mawazo ya sala yalimjia kwa wingi hasa wakati wa somo. Na Favre naye alipenda mazungumzo hayo ya Mungu. Wakafungua kitabu, wakaanza kuzungumza, na saa ya falsafa ikapita. Mwishowe walipatana kwamba wakati wa kujifunza hawatazungumza mambo ya roho. Wakalishika neno hilo. Watakatifu wawili walikubaliana kunyamaza juu ya Mungu ili mtihani upite! Ni busara ambayo baadhi ya vikundi vyetu vya sala kampasini vingeweza kuifikiria majira ya mitihani yanapokaribia.

Msaada haukwenda upande mmoja. Favre, aliyeonekana kuwa mwenye kujua, alikuwa na dhamiri iliyojaa wasiwasi, wala hakujua achague nini: ndoa, uganga, sheria, teolojia au utawa. Ignace hakumchagulia. Alimshauri kitubio na Komunyo kila juma, na kujichunguza kila siku, akamvumilia kwa muda wa miaka 4 hivi. Favre aliandika baadaye kwamba walifikia kuwa na chumba kimoja, meza moja na mfuko mmoja.

Kwa Xavier mambo yalikuwa magumu zaidi. Alitaka cheo, na maneno ya mzee huyu mchechemeaji hayakumvutia. Ignace hakumbishia. Xavier alipoanza kufundisha katika koleji ya Beauvais, alimtafutia wanafunzi, na alipopungukiwa fedha alimsaidia. Kwanza mkate na kazi; mengine yalichelewa mpaka 1533.

Tarehe 15 Agosti 1534 marafiki 7 walipanda mlima wa Montmartre kuweka nadhiri. Favre, padre peke yake kati yao, aliadhimisha Misa. Miaka 6 baadaye Papa Paulo III alithibitisha shirika lao, Wajesuiti, ambao baadaye walifika mpaka huku kwetu Kongo.

Xavier alitumwa Mashariki. Akiwa njiani aliwauguza wagonjwa Msumbiji, akapita Malindi, akafika Goa mwaka 1542. Kutoka kisiwa cha Ambon, Mei 1546, aliwaandikia wenzake wa Ulaya kwamba amekata majina yao, yaliyoandikwa kwa mikono yao wenyewe, kutoka katika barua walizomtumia, na kwamba anayachukua mwilini siku zote. Favre alifariki Roma tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Barua zilitumia miaka kuvuka bahari, na kwa muda mrefu Xavier aliendelea kuchukua kifuani jina la mwenzake wa chumbani bila kujua.