Chai Baridi: Nani Aliianza?

Adhana ya Magharibi ikilia na koo limekauka, wengi hutamani kitu baridi. Basi chai baridi ilianzia wapi?

Kisa kinachovuma ni cha mwaka 1904, kwenye maonyesho ya St. Louis, Marekani. Richard Blechynden alikuwa akitangaza chai ya India. Jua lilikuwa kali, watu wakampita, naye akaitia barafu. Tangu hapo akaitwa mvumbuzi.

Lakini kitabu cha mapishi cha Bi. Marion Cabell Tyree, kilichochapishwa 1879, kilishaieleza. Chai ya kijani hutiwa maji moto asubuhi, huchujwa mchana, na jioni humiminwa juu ya barafu na sukari, kisha ikakamuliwa limau. Hata yeye hatusemi ndiye wa kwanza. Lakini alimtangulia Blechynden kwa miaka 25.

Nasi tuna yetu. Limuru chai ilipandwa 1903, na mchaichai na nanaa ziko sokoni. Baada ya Alasiri chemsha maji, tia majani ya chai kidogo na konzi ya nanaa, funika dakika kumi, chuja, tia sukari, weka frijini. Ukishafungua kwa tende na maji, kunywa.

Vijana wenzangu, khabari kuvuma si dalili ya ukweli. Ikiwa gilasi ya chai yahitaji kuchunguzwa, je, maneno tunayosambaza kuhusu ndugu zetu? Tuchunge ndimi zetu, Ramadhan na baada yake.