Vitu Kabla ya Waraka: Kutoka Simula hadi Mifumo ya Taarifa za Afya

Simula, lugha ya programu iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard mjini Oslo katika miaka ya 1960, hukumbukwa kwa kuasisi programu zinazojengwa kwa vitu. Kinachosahaulika ni kwamba ilikusudiwa pia kuelezea mifumo: mteja, foleni, mashine, kila kimoja na sifa na matendo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nygaard alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma wa Norwei, na swali likawa la kisiasa: nani ana haki ya kuieleza kazi?

Swali hilo lilifika Afrika. Baada ya 1994, watafiti wa Cape Town na Oslo walijenga mfumo wa taarifa za afya kwa kuwaonyesha wahudumu matoleo ya majaribio na kuyarekebisha. Mahitaji mengi yalijulikana skrini ilipokosolewa. Mrithi wake, DHIS2, ulioandikwa kwa Java, una vitu kama kituo, kipindi na kipengele cha takwimu. Ngazi za utawala huingizwa kama data, bila kuandika programu upya. Kenya iliueneza kitaifa mwaka 2011.

Zabuni za serikali, hata hivyo, kwa kawaida hudai orodha kamili ya mahitaji kabla ya kazi kuanza. Historia hii haiungi mkono sharti hilo. Lakini waraka nao hulinda. Mkunga wa zahanati asiyeitwa kwenye majaribio hana ukurasa wa kurejelea anapolalamika.